Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa New South Wales

Yah: Kakatua, madirisha yetu na miti mikongwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka ukingoni mwa msitu, magharibi ya milima ya Blue Mountains hapa Australia, ambako mimi na familia yangu tunaishi katika nyumba ya mbao inayopungua kidogo kila mwaka. Nakala ya Kiingereza ya barua hii imekwishatumwa ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiacha wazi kwa ajili ya wenzangu waliotoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo wakahamia katika jimbo lako, hadi miji kama Wagga Wagga, Albury na Coffs Harbour, kwa kuwa najua kwamba wengi wao wamepanda mahindi nyuma ya nyumba kabla hawajaambiwa lolote juu ya ndege ninayetaka kumzungumzia.

Kwa wasiomjua, kakatua huyu ni jamii ya kasuku, mweupe, mwenye kishungi cha manjano anachokisimamisha anaposhtuka au anapokasirika. Urefu wake ni karibu nusu mita na uzito wake hukaribia kilo moja. Alfajiri kundi zima huondoka kwenye miti linakolala kwa ukelele mmoja mkali, wa kukwaruza, ambao hakuna dirisha linaloweza kuuzuia. Mgeni wetu mmoja kutoka Morogoro alitoka nje na kitenge begani akidhani kuna mtu anayeuawa. Kelele hizo tumezizoea. Kuzizoea mbao zinazopukutika ndiko kulikotushinda.

Kwa miaka miwili wametafuna fremu za madirisha mawili, ngazi ya veranda na waya mmoja wa paneli za sola. Fremu hizo ni za mwerezi, mbao laini ambazo fundi wetu alizisifu sana na ambazo kakatua, kama nilivyokuja kujifunza, wanazipenda kuliko sisi tulivyozipenda. Hatuko peke yetu katika hasara ya aina hii: mwaka 2017 kampuni ya NBN inayosambaza intaneti nchini ilitangaza kuwa ilikuwa imekwishatumia dola 80,000 hivi kutengeneza nyaya zilizoharibiwa na ndege hawa.

Mwanzoni niliamini kwamba wana njaa. Nilipookota vibanzi chini ya dirisha nikaona kwamba havikupungua hata kimoja, nilielewa kuwa hawali mbao. Mdomo wa kakatua hukua maisha yake yote kama kucha zetu, na asipoutumia kuguguna kitu kigumu utarefuka kupita kiasi. Naomba jambo hili ulizingatie, Mheshimiwa, kwa sababu linaonyesha kosa la jirani yangu mmoja mwenye moyo mwema ambaye kila jioni humwaga alizeti uani kwake akiamini kwamba ndege walioshiba watayaacha madirisha ya watu. Kinyume chake ndicho tunachokiona: ndege ambaye angetumia saa nyingi akichimbua mizizi na mbegu porini hushiba kwa dakika ishirini, kisha hubaki na siku nzima ya kutafuta pa kunolea mdomo. Tena kuwakusanya mamia kwenye sinia moja huwaambukiza ugonjwa wa mdomo na manyoya, ambao huwanyonyoa ndege wa jamii ya kasuku na mara nyingi huwaua. Katika kitongoji chetu hakuna tangazo hata moja linaloeleza hayo.

Nilikulia bonde la Usangu, Tanzania, na utoto wangu ni wa kuamia ndege. Mpunga ulipoanza kuchanua tulipanda dunguni kabla jua halijachomoza tukiwa na kombeo na madebe, tukipambana na kwelea kwelea hadi magharibi. Kwa hiyo nilipopanda mahindi hapa nilijiona mtaalamu. Nilijenga dungu, Mheshimiwa, na majirani wakaja kulipiga picha. Kwelea hula na kukimbia kwa pamoja, bila mpango; kakatua wanapokuwa chini wakila, wachache wao hubaki juu ya miti wakitazama huku na huku, na mmoja akipiga yowe wote hupaa. Msituni hapa ndege ndio wenye dungu. Walinisoma ratiba yangu, wakajua ninapokwenda kazini, na punje zilipoanza kujaa maziwa walimaliza safu sita asubuhi moja, wakila robo ya kila hindi na kutupa iliyobaki.

Nilipoomba msaada, ofisi moja ilinielekeza kwa nyingine, na ya tatu ikanieleza habari za leseni. Sheria ya uhifadhi wa bayoanuwai ya mwaka 2016 inamlinda kakatua kama inavyowalinda ndege wengine wa asili, na anayetaka kumdhuru lazima kwanza apate leseni. Sina ugomvi na sheria hiyo, wala siombi leseni. Linalonisikitisha ni kwamba habari za leseni zilinifikia mapema kuliko habari za wavu, za aina ya mbao au za kutowalisha ndege, kana kwamba serikali inaanza kunisikia pale tu ninapofikiria bunduki. Kwa ninavyoona, kundi lililotishwa kwa risasi huhamia kwa jirani kwa wiki moja kisha hurudi. Na kakatua si panya, hutaga mayai mawili au matatu kwa msimu na anaweza kuishi miongo mingi. Huenda anayetafuna dirisha langu ananizidi umri.

Kuna uchunguzi uliofanyika Sydney ambao ningependa wizara yako iusome upya kwa jicho la msaada. Kabla ya mwaka 2018 kakatua wanaofungua vifuniko vya mapipa ya taka walikuwa wameripotiwa katika vitongoji 3 tu. Kufikia mwisho wa 2019 vilikuwa 44, na watafiti waliochapisha matokeo hayo mwaka 2021 walionyesha kwamba ndege walikuwa wanaigana. Wenye nyumba waliweka matofali juu ya vifuniko, ndege wakajifunza kuyasukuma, watu wakabuni mbinu nyingine. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba watu nao waliigana, mbinu zikasambaa kutoka nyumba hadi nyumba ya mtaa uleule. Ikiwa hivyo ndivyo tunavyojifunza, basi wizara inaweza kuanza na nyumba chache katika kila kitongoji cha msituni: isaidie kununua wavu imara au kufunika fremu kwa bati, kisha ituachie sisi kuigana. Kuhusu wavu, jimbo jirani la Victoria tangu mwaka 2021 inataka ule wa miti ya matunda ya nyumbani uwe na matundu yasiyozidi milimita 5 ili popo na nyoka wasinaswe, nami sioni kwa nini jimbo letu libaki nyuma.

Nimechelewa kufika kwenye miti, ingawa ndiyo iliyonifanya niandike kwako badala ya kumwandikia meya. Kakatua hutaga katika mapango ya mikaratusi mikongwe, yaani matundu makubwa ndani ya shina au matawi, na mkaratusi huchukua zaidi ya miaka 100 kabla haujapata pango la kumtosha ndege mkubwa. Mwaka 2007 jimbo lako lenyewe liliorodhesha upotevu wa miti yenye mapango kuwa tishio kwa wanyamapori. Hata hivyo, mwaka jana upande wa pili wa barabara yetu ilikatwa mitatu ili kupanua njia ya magari, na mapango yaliyobaki sasa yanagombewa. Kakatua mweupe, mwenye nguvu na asiyechagua chakula, atajipatia lake. Sina hakika hivyo kuhusu kakatua mweusi anayeishi kwa mbegu za miti ya jamii ya mvinje, ambaye hapa New South Wales yumo katika orodha ya walio hatarini. Nimewasikia watu wakisema «kakatua ni wengi mno» bila kutofautisha, na siku hasira hiyo itakapoingia katika maamuzi ya halmashauri, mweusi ndiye atakayeumia.

Ninachoomba kinaweza kuanza kwa karatasi moja, iliyoandikwa kwa lugha zinazosomwa katika miji yetu, Kiswahili kikiwemo, na kuambatishwa na hati ya kodi ya majengo na mikataba ya upangaji: usilishe, usijenge kwa mwerezi, funika mahindi kabla hayajabeba, na usikate mti wenye pango bila kuuliza. Fedha za wavu na ulinzi wa miti ya barabarani najua vitahitaji muda na bajeti. Karatasi haihitaji. Mbegu za mahindi huku kwetu huingia ardhini mwezi wa Oktoba, nami ningefurahi ikiwa itakuwa imetufikia kabla ya hapo.

Wako mtiifu,

Mkazi wa ukingoni mwa msitu, New South Wales