Ncha isiyobeba kitu

Ndugu Mhariri,

Makanisa mapya yanazidi kuota hapa Dodoma, na mengi ninayopita yamewekewa madirisha yenye ncha juu. Wachoraji ramani wanauita mtindo wa Kigothi. Mimi ni mwashi mstaafu na sina ugomvi na ncha. Ninachogombea ni hiki: lenta, yaani boriti ya zege na nondo, inapita imenyooka juu ya dirisha, halafu fundi jipsamu anakuja kubandika ncha chini yake. Tao la namna hiyo halibebi hata kofia ya padri.

Ncha ilikuja kwa kazi maalumu. Tao la duara urefu wake unaamuliwa na upana: ukipanua, limepanda, utake usitake. Lenye ncha unalipandisha upendavyo kwa upana uleule, tena halisukumi kuta kwa nje kwa nguvu kama la duara. Waislamu walilijua mapema. Msikiti wa Ibn Tulun kule Cairo, uliokamilika mwaka 879, una safu zake. Huko Ufaransa, Abate Suger, mkuu wa monasteri, alipojenga upya upande wa madhabahu wa kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, ukatabarukiwa mwaka 1144, mafundi wake waliliunganisha tao hilo lenye ncha na mbavu za mawe zinazopeleka uzito wa dari kwenye nguzo. Baadaye wenzao wakaongeza mikono ya mawe inayoegemea ukuta kutoka nje. Ukuta ukapumzika, wakautoboa na kuujaza vioo, maana kwao jua ni la kusubiriwa. Haikuwa salama kila mara: kule Beauvais, Ufaransa hukohuko, walipandisha dari ya kanisa lao kuu karibu mita 48, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka.

Mtindo huo, ndio Kigothi, ukaja kudharauliwa, kisha karne ya 18 Waingereza wakaufufua. Hapo ndipo jipsamu yetu ilipopata babu. Horace Walpole, tajiri wa Strawberry Hill karibu na London, alitengenezewa dari ya Kigothi kwa karatasi iliyopondwa! Pugin, msanifu Mwingereza aliyechora mapambo ya Bunge la London baada ya lile la zamani kuungua mwaka 1834, hakuvumilia michezo hiyo. Alishikilia kwamba pambo liremeshe kile ambacho jengo linakihitaji kweli.

Wamisionari walituletea ufufuo huo. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, lina madirisha ya ncha, lakini limejengwa kwa mawe ya matumbawe ya palepale. Walichukua umbo la kwao, wakatumia mawe ya kisiwani.

Sisi tumechukua vioo virefu vya watu wa baridi tukavielekeza magharibi, kwenye jua la Oktoba la Dodoma. Waumini wa ibada ya jioni wanakunja macho, na feni hazifui dafu. Tembe la Mgogo, lenye ukuta mnene wa udongo na vidirisha vidogo, linakaa baridi bila umeme.

Kwa hiyo naziomba kamati za ujenzi, kabla ya kulipia jipsamu, zimuulize mchoraji maswali mawili: tao hili linabeba nini, na dirisha hili linatazama wapi saa kumi jioni? Mkitaka ncha ya kweli, mawe ya vilima vyetu yapo, na kalibu ya mbao ya kusimamishia tao seremala yeyote mzuri anaichonga. Vijana wasiojua kuyapanga hayo mawe waje Nkuhungu, nitawaonyesha.

Mwashi mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma