Idadi ya watu wa kijiji cha India itajwe pamoja na mwaka wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maelezo ya vijiji vya India ambayo wanafunzi wangu wa jiografia huniletea kutoka magazetini: idadi ya wakazi, umbali wa kituo cha treni, umbali wa uwanja wa ndege, basi. Takwimu hizo zikitolewa bila mwaka na bila kueleza njia yenyewe, zinampotosha msomaji.

Takriban kila idadi ya wakazi wa kijiji cha India tunayoisoma leo inatokana na sensa ya mwaka 2011, kwa kuwa ile iliyotarajiwa mwaka 2021 iliahirishwa kutokana na UVIKO-19, na baadaye serikali ikatangaza kuwa itakamilika mwaka 2027. Si jambo dogo, kwani nchini humo hesabu ya watu ndiyo inayoamua nani ajengewe barabara. Mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza Desemba 2000, ulilenga kufikisha barabara inayopitika mwaka mzima kwenye makazi yenye watu 500 au zaidi katika nyanda za tambarare, na 250 au zaidi milimani, jangwani na katika maeneo ya jamii za asili, kwa kufuata sensa ya 2001. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024 kwa ajili ya makazi 25,000 na kilomita 62,500 za barabara, inafuata sensa ya 2011. Kitongoji cha tambarare kilichohesabiwa watu 480 mwaka huo, hata kama leo kina 600, hakifikii kiwango, na mvua za Juni hadi Septemba zinapogeuza njia yake kuwa tope, mjamzito atabebwa na jamaa zake hadi kwenye lami. Hata hivyo, napongeza uamuzi wa kuhesabu kwa makazi badala ya kijiji kizima, maana kijiji cha kiserikali katika jimbo la Kerala kina wastani wa watu zaidi ya 15,000, ilhali Himachal Pradesh wastani haufiki 400.

Umbali nao unahitaji uangalifu. Huko Gehlaur, wilaya ya Gaya katika jimbo la Bihar, kilima kilitenganisha maeneo ya Atri na Wazirganj, na watu walilazimika kukizunguka kwa safari ya kilomita zipatazo 55. Dashrath Manjhi, kibarua aliyempoteza mkewe, alikichonga kilima hicho kwa nyundo na patasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1982, akapasua njia yenye urefu wa takriban mita 110, na safari ikapungua hadi kilomita 15 hivi. Miji haikuhama. Mwandishi aliyepima kwa rula kwenye ramani asingeona tofauti yoyote kati ya miaka hiyo miwili.

Tena, barabara peke yake si usafiri. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vilivyokuwa juu kidogo na chini kidogo ya viwango hivyo vya idadi ya watu, wakaona kwamba barabara mpya iliwawezesha watu kuacha kazi za shambani na kutafuta ajira nje ya kilimo, lakini kipato na mali za kaya hazikubadilika sana. Vitabu vya sensa vya wilaya, kwa busara kabisa, hutenganisha barabara ya lami na huduma ya basi, na pale ambapo huduma haipo kijijini huonyesha kama iko chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, au zaidi ya 10.

Kwa hiyo, nawaomba waandishi wako wanapoandika habari za kijiji chochote cha India wataje mwaka wa sensa, waeleze kama umbali ni wa barabarani, na waseme kama basi linaingia kijijini au abiria hulifuata kwa miguu au kwa bajaji hadi barabara kuu.

Wako msomaji,
Mwalimu wa Jiografia,
Morogoro