Muacheni Muuguzi Wangu Anywe Chai

Dada zangu na wifi zangu wa hapa Muscat,

Hasira bado haijanitoka. Kwenye akika ya juzi nilimleta mwenyewe yule muuguzi wa Kifilipino aliyeniuguza goti. Kikombe hakukimaliza. Mmoja wenu kampakatisha kitoto kwa nguvu, mwengine akamuuliza, "Miaka thelathini na sita, huna hata mmoja? Nani atakupa maji uzeeni?" Mgeni wangu akacheka, akachukua kipochi chake. Nami nilinyamaza, na aibu hiyo ni yangu.

Sasa nisikilizeni. Chumbani kwake nimeingia. Miguuni pa kitanda pana boksi linalonifika kiunoni. Kila mshahara ukitoka anatia: sabuni, kahawa, nyama za kopo, raba za mdogo wake zilizojazwa soksi ndani zisibonyee. Likijaa analifunga gundi, linakwenda kwao Iloilo, Ufilipino, kwa meli, anaanza jengine. Yeye ni panganay, yaani kifunguamimba. Kasomesha wadogo watatu, wa nne yuko chuo. Aliniambia, "Mama, mimi nimeshalea. Nimechoka." Halafu nyinyi mnamwita mbinafsi!

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1993 mwanamke wa Ufilipino alizaa kwa wastani watoto 4.1; utafiti wa 2022 ukakuta 1.9. Sheria ya uzazi wa mpango ilipita 2012, Kanisa likiipinga mpaka mwisho. Nyumba Manila hazishikiki kwa bei. Talaka hakuna, ila kwa Waislamu. Msichana akiiogopa ndoa isiyo na mlango wa kutokea, mtamlaumu? Na juu ya yote, 2025 Seneta Panfilo Lacson kapeleka muswada wa kuwalazimisha watoto kisheria wawatunze wazazi wao. Serikali haimtoshelezi mzee, basi anabebeshwa yule yule mwenye boksi.

Nasi tusijitoe. Kifunguamimba wangu nilimwachisha masomo akafanye kazi, wadogo zake wasome. Wamesoma, alhamdulillahi. Yeye leo ana arubaini na mbili, habari ya watoto hataki kuisikia, na miaka yote hii nimekuwa nikimsema mbele za watu kama mlivyomsema mgeni wangu. Hajanijibu hata siku moja. Kila mwisho wa mwezi pesa yangu ya dawa inaingia.

Ijumaa nitamleta tena. Mpeni chai ya maziwa na vitumbua, na mkikosa la kuzungumza, muulizeni hali ya goti langu.