Andikeni kwenye chupa kwamba vodka hii imetoka kwa miwa yetu

Mhariri,

Mwezi uliopita tulikuwa na matanga nyumbani Koru. Usiku wa pili, vijana wakiota moto, mtoto wa ndugu yangu alinionyesha chupa ya robo lita ya vodka. "Waya," akaniambia, yaani shangazi kwa Kiluo, "hii si kama zile za hapa kwetu. Hii ni ya viazi vya Urusi." Nikamwomba anipe. Niliimulika kwa taa ya simu nikasoma lebo yote, hata yale maandishi madogo ya pembeni: spiriti, maji, asilimia ya kileo, onyo la afya, na mji wa hapa Kenya ilikotiwa chupani. Viazi havikutajwa popote. Wala hakukuwa na neno hata moja la kueleza hiyo spiriti, yaani kile kileo kikali chenyewe, ilitokana na nini.

Nilistaafu baada ya miaka 24 kwenye maabara ya kiwanda cha spiriti katika ukanda huu wa miwa. Wenzangu wengi walioijua kazi ile wameshatangulia mbele ya haki, ndiyo maana naomba nafasi kidogo gazetini mwako.

Vodka haina mmea wake maalum. Mvinyo ni zabibu na hakuna ubishi, lakini vodka hutokana na chochote chenye sukari au wanga. Urusi hutumia zaidi ngano na nafaka iitwayo rai. Poland hutumia rai pia, na viazi. Ufaransa wako wanaoitoa kwenye zabibu. Jina lenyewe linatokana na neno la Kirusi la maji. Anayeanza na nafaka au viazi ana kazi ya ziada, kwa sababu hamira haili wanga: lazima apike kwanza, kisha atie kimea au vimeng'enya ili wanga ugeuke sukari. Mama yangu aliijua kazi hiyo bila kuingia darasani. Aliotesha wimbi kwenye gunia lenye unyevu, akalianika, akalisaga, akalichanganya na unga wa mahindi uliokaangwa.

Sisi wa miwa hatuna haja ya hatua hiyo. Kiwanda cha sukari kikishatoa sukari yote kinayoweza kuitoa, hubaki uji mweusi mzito, nao ndio molasi. Karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari, ila haikubali tena kuganda. Wa Muhoroni, Chemelil na Awasi wanaifahamu: huwanyunyizia ng'ombe kwenye nyasi kavu wakati wa kiangazi, na lori likiimwaga barabarani nyuki hufika kabla ya watu. Tani moja ya molasi nzuri hutoa lita 220 hadi 260 hivi za spiriti.

Molasi huongezwa maji mengi, hutiwa asidi kidogo na hamira, kisha huachwa kwenye tangi siku moja hadi mbili. Vitabu vya kazi vilikuwa na jina lake, lakini mimi niliendelea kuiita kangara, kama mama. Ikichacha hupata joto yenyewe, na ikipita nyuzi 35 hamira hulegea, kwa hiyo mabomba ya maji baridi hayalali. Hutoa pia hewa ya ukaa kwa wingi. Siku yangu ya kwanza mzee mmoja wa zamu alinishika bega nilipotaka kuchungulia tangini: "Binti, hapo usiinamishe kichwa, utaanguka kabla hujapiga chafya." Kangara ikitulia huwa na kileo cha asilimia 7 hadi 9, nguvu ya bia kali tu.

Kinachofuata ni kuikeneka, yaani kuichemsha na kuukusanya mvuke wake. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia hubeba kileo kingi kuliko maji. Mama alifanya hivyo usiku, katikati ya miwa, maana chang'aa ilikuwa haramu hadi sheria ya vileo ya 2010 ilipofuta marufuku hiyo. Pipa lilikaa motoni, chungu kidogo kikaelea ndani, na juu pakawekwa sufuria ya maji baridi, kingo zikiwa zimezibwa kwa matambara na udongo. Mvuke uligonga kitako cha sufuria ukadondokea chunguni. Hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Kiwandani kanuni ni ileile, ila pipa limekuwa minara mirefu yenye sahani nyingi ndani, na kwenye kila sahani mvuke hupanda ukijisafisha upya. Harufu kali zinazopaa upesi hutolewa juu, mafuta mazito hutolewa pembeni, na kinachobaki hufika asilimia 96. Hapo hakijabaki kitu chenye ladha ya muwa, wala ya hiyo molasi. Ukipewa spiriti ya viazi na ya molasi zilizosafishwa vizuri, ukazionja, hutajua ipi ni ipi. Hapo mtoto wa ndugu yangu hakunielewa, na sikumlaumu.

Naomba nieleze kipimo kimoja nilichokipenda, kwa kuwa watu hudhani ubora wa kinywaji ni umbo la chupa. Unachukua mililita 50 za spiriti, unazipoza hadi joto linalotakiwa, unadondoshea pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, kisha unaangalia saa. Spiriti yote hugeuka rangi ya waridi. Kama uchafu umebaki, rangi hufifia ndani ya dakika chache ikawa kama chai ya rangi iliyochujuka. Ikiwa safi, waridi hushikilia zaidi ya nusu saa. Kila zamu nilisimama mbele ya dirisha na karatasi nyeupe nyuma ya glasi, nikisubiri. Kulikuwa na usiku tuliorudisha tangi zima minarani kwa sababu rangi ilififia dakika ya 18, na meneja hakuniuliza swali hata moja.

Spiriti hiyo ikishapita ndipo vodka huzaliwa, na kuzaliwa kwenyewe ni kutiwa maji tu. Lita moja ya asilimia 96 hutoa lita 2.4 za asilimia 40. Maji husafishwa chumvi zake kwanza, la sivyo vodka huingia ukungu ikikaa. Wanafunzi waliokuja kujifunza kazi niliwaonyesha jambo hili: mililita 50 za kileo na 50 za maji zikimiminwa pamoja hazifiki 100, zinaishia kama 96 au 97, na glasi hupata joto mkononi. Baadaye vodka hupitishwa kwenye makaa. Warusi wa zamani walitumia makaa ya mti wa betula, uitwao birch kwa Kiingereza. Siku hizi ya vifuu vya nazi hutumika sana. Wengine huongeza sukari kidogo sana au gliserini ili iteleze kooni. Basi, mambo yamekwisha.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu. Mei 2014 makumi walikufa Embu na kaunti nyingine, na baadhi ya waliopona walipoteza macho. Kinachoua hivyo huwa ni methanoli. Nayo haitoki kwa miwa wala mahindi kwa kiasi cha kuua. Hununuliwa kama kemikali ya viwandani, ikatiwa ndani ya pombe ili kuiongezea wingi na ukali. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Haina harufu ya kuitofautisha, wala ladha. Na tafadhali, tuache kuamini kiberiti. Mama aliwasha kijiko cha chang'aa, moto ukawaka buluu, akasema ni safi, na mimi niliamini hivyo mpaka nilipoingia maabara. Methanoli nayo huwaka buluu iliyofifia. Moto huonyesha kwamba kuna kileo, hauonyeshi ni kileo kipi. Aliyekunywa akaanza kuona ukungu mbele ya macho akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, asiachwe alale nyumbani ili "alevuke," kwa sababu dawa ipo na inafanya kazi akiwahiwa.

Ombi langu ni moja. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2008 kwamba vodka isiyotokana na nafaka wala viazi lazima iandikwe kwenye lebo imetokana na nini. Naomba KEBS, shirika la viwango la Kenya, iweke sharti kama hilo hapa, kwa kila kinywaji kikali kinachotiwa chupani Kenya: spiriti imetokana na nini, na ilikenekwa katika kiwanda kipi. Anayenunua spiriti halali ana stakabadhi zake, hatashindwa kujaza mstari huo. Anayechanganya kemikali gizani atalazimika kuandika uongo unaoweza kufuatiliwa hadi kwenye lango la kiwanda alichokitaja. Nimeambiwa kwamba lebo pia hughushiwa. Kweli, hughushiwa. Lakini leo mkaguzi akiingia duka la Ahero akakuta neno "spiriti" peke yake, aanzie wapi kuuliza?

Iko na sababu ya pili, na hii naisema kama mtu wa Koru. Mkulima wa hapa kwa miaka mingi amelipwa kwa uzito wa muwa. Molasi ikiuzwa, ikawa spiriti, ikawa vodka, jina la muwa limeshapotea njiani, na kijana aliyekulia katikati ya shamba lile hutoa pesa akidhani ananunua kiazi cha ugenini. Maji meusi yanayonuka, yanayobaki kiwandani baada ya kukeneka, lita 10 hadi 15 kwa kila lita moja ya spiriti, hayapotei jina. Yanabaki huku huku kwetu, na yasiposafishwa vizuri huishia Mto Nyando na Ziwa Victoria. Kama harufu ni yetu, basi na maneno "imetokana na molasi ya miwa" yawe yetu.

Ile chupa nimeiweka kabatini, ikiwa tupu na lebo yake. Kijana ameniahidi kwamba lebo mpya zikitoka ataniletea moja tuzilinganishe.

Nyar Koru,
mstaafu wa maabara,
Muhoroni, Kisumu