Watoto wabaki Kayenze

Winnipeg, 4 Januari 2026

Mama,

Mwangaluka mayu. Najua anayekusomea ni Kabula, maana mdogo wake Masanja bado anasoma kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Kabula, soma polepole, bibi akisema rudia, rudia. Na usiruke mistari yenye jina lako.

Michembe ya viazi vitamu imefika. Mfuko ulichanika pembe moja njiani lakini haijaota ukungu. Niliichemsha na karanga, huyu dada wa Kinaijeria ninayeishi naye akaniuliza kama ni magome ya mti. Nikamwonjesha vipande viwili. Leo asubuhi nimekuta sufuria tupu na bado hajasema kitu. Mimi ni mzima. Mgongo unasumbua kidogo, ni ule wa siku zote. Habari ya makaratasi ya watoto kuja huku ni ileile ya mwaka jana, tuiache.

Nije kwa kaka Maduhu. Amenipigia mara tatu wiki hii. Shule zinakaribia kufunguliwa, anataka watoto watoke hapo Kayenze ziwani wahamie kwake Buhongwa, mjini Mwanza, waingie shule ya Kiingereza yenye basi la njano, na mimi nitume ada ya muhula pamoja na hela ya kuongeza chumba. Kuongeza chumba! Mama, mwaka 2022 nilituma hela ya bati na milango ya vile vyumba viwili vya uani, tukakubaliana simu ikiwa kwenye spika mapajani mwako, kwamba ni vya wanangu siku wakihamia mjini. Leo kimoja anakaa mpangaji mwenye saluni, kingine kijana wa bodaboda na mkewe. Kodi sijawahi kuiulizia hata siku moja. Halafu chumba naulizwa mimi. Sikumjibu vibaya, ni mkubwa wangu, na ada yangu ya kidato cha tano aliilipa yeye kwa sangara wake, hilo silisahau. Nilimwambia mtandao unakatika.

Kusema kweli hoja anazo. Kaniambia giza la mwezi likiingia na dagaa wakapatikana kwa wingi, nusu ya darasa la Masanja hawaonekani, wako mwaloni, mitumbwi inakoshusha, wanaanika. Kweli. Hata mimi nilianika, nikapewa kopo moja la dagaa kwa siku nzima ya kuinama, nikajiona tajiri. Kaniambia Kiingereza. Kweli tena: nilipoingia kidato cha kwanza nilikaa miezi mitatu naitikia "yes" kwa kila kitu, hata mwalimu aliponiuliza jina.

Ila mama, kaka anasahau kwamba mimi mjini nimelelewa. Ulinipeleka kwa shangazi Mabatini nikiwa na miaka kumi, na sikulaumu, mwaka ule hali ilikuwa ile. Shangazi hakunitesa. Lakini ua wake ulikuwa umebanwa kati ya majabali mawili na geti, na neno la kila siku lilikuwa "usitoke". Nilikuwa napanda jabali la nyuma walikokuwa wanaota jua wale pimbi, nachungulia kati ya paa za watu mpaka nipate kipande cha ziwa. Kilikuwa kidogo, kama kitambaa cha mezani. Nikishakiona nashuka kuosha vyombo. Shangazi mpaka anaingia kaburini hakujua nilikuwa nafuata nini kule juu, alidhani nakula udongo.

Na hilo basi la njano nimeuliza. Linapita Buhongwa saa kumi na moja alfajiri, linarudisha watoto saa kumi na moja jioni. Kabula kwa kuwa ametoka shule ya Kiswahili atarudishwa madarasa mawili nyuma, akakae na watoto wanaomfikia kiunoni. Nilipe hela yangu mtoto akalale kichwa kwenye kioo cha gari na arudi darasa la nne?

Sasa nikusimulie ya ziwa la huku ucheke. Wiki iliyopita tulikwenda Gimli, kwenye Ziwa Winnipeg, na gari langu. Ndiyo, lile gari, nimeshamaliza deni lake mwezi wa kumi na moja, na leseni nilifanyia mtihani kwenye theluji, mwanaume aliyenitangulia akafeli. Ziwa limeganda lote. Watu wanatembea juu yake, wanakaa kwenye vibanda, wanatoboa barafu kwa kekee ndefu, shimo la upana wa beseni dogo, halafu wanashusha ndoana na kusubiri. Nyuzi 24 chini ya sifuri! Mzee mmoja alimtoa samaki, akamweka kwenye barafu, akapigapiga mkia mara tatu akakauka kama kuni. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mvuvi, akanipa. Nimemkaanga kwa ndimu na chumvi. Ana nyama nzuri ila hana harufu, mama, unakula kama unasimuliwa samaki. Na niliwaambia wazi kwamba ziwa letu la Victoria ni zaidi ya mara mbili na nusu ya hili lao. Hawakubishana.

Nikasimama pale juu nikamkumbuka Masanja. Miaka tisa tu lakini anajua mbalamwezi ikijaa wavuvi wa dagaa wanalala nyumbani, na giza likirudi taa zitajaa ziwani kama mji mwingine umehamia huko. Sijui Buhongwa angejifunza nini cha kulingana na hicho. Sisemi ziwa ni mchezo. Wewe mwenyewe tangu MV Bukoba, Mei 1996, hujakanyaga meli, na mwaka 2018 ile ya Ukara ilipozama ulikaa siku mbili hujala. Mtoto asipande mtumbwi wa mtu, hata kama ni wa baba mdogo.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni kichocho. Masanja akikojoa damu au akiiona kwenye choo, msimwambie amekuwa mkubwa, kama tulivyoambiwa sisi. Wale konokono wanaokieneza wanakaa pale pale kwenye majani ya ufukweni mnapochotea na kuogea. Kwa hiyo nimeamua hivi. Hela ya chumba cha kaka itanunua tangi la lita 2,000 na gata la kuzunguka bati lote la hapo nyumbani (bati nililoweka mimi, lisiende bure). Watoto waoge maji ya mvua. Kiangazi yakiisha, mchote ya ziwa muyaache kwenye tangi siku mbili kamili na mfuniko umefungwa ndipo waoge, vile vijidudu vya kichocho havivuki hapo vikiwa hai. Ya kunywa chemsha kama kawaida.

Kabula, hapa ni wewe. Mwaka huu unatimiza kumi na tatu. Mvuvi akikupa samaki wa bure, mrudishie. Akikupa hela ya soda, mrudishie mbele za watu, kwa sauti. Akisema anakujua tangu mdogo, mwambie bibi siku hiyohiyo. Mwaloni unaenda asubuhi na bibi au hauendi, na siku ya shule hakuna kuanika hata dagaa wa askofu. Hili ndilo pekee ambalo mjomba wako angenishinda nalo, na nimekaa nalo usiku mwingi. Ukimaliza darasa la saba utakwenda sekondari ya bweni, Mwanza au popote utakapopangiwa. Mpaka hapo ni Kayenze.

Mama, nimetuma laki tisa kwa simu ya mama mdogo, siyo kwa kaka. Tangi, gata, fundi wa kujenga msingi wake wa mawe, zitakazobaki ni sare na madaftari. Kaka akiuliza kiasi, mwambie Limi ndiye anayejua. Nitampigia mwenyewe Jumapili, nimsalimie vizuri, nimuulize na habari za mwenye saluni. Na usinitumie tena samaki furu, pale uwanja wa ndege waliwachukua wote nikabaki naangalia.

Mwisho. Dawa za kichocho zikija shuleni, watoto wale uji kwanza, zinazungusha kichwa ukizimeza na njaa. Wanapimwa urefu kwa ile fimbo yenye alama ili wajue vidonge vingapi. Kabula, wakiisimamisha fimbo kwa Masanja, angalia amefika alama ya ngapi, kisha upimwe na wewe uangalie yako. Unipigie uniambie zote mbili.

Mwanao,
Limi