Waliopima maji yetu wako wapi?

Mhariri,

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Bwaise, mtaa wa bondeni Kampala unaofurika kila mara. Kwenye fremu ya mlango wa gereji yangu kuna alama saba nyekundu za rangi ya kucha zinazoonyesha mafuriko yalifika wapi, kila moja na tarehe yake pembeni, ya juu kabisa inanifika kiunoni. Aliyeziweka ni binti mmoja aliyekuwa anasoma masta, mwanzoni alitumia chaki ikaoshwa, akajaribu maka pen ikafifia, ndo akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba akasema hii haitoki.

Huyo binti mvua ikinyesha sisi tunabeba magodoro kupeleka juu, yeye ndo anakuja, na gambuti zake. Anauliza maji yameingia saa ngapi, yametoka saa ngapi, choo cha jirani kilifurika kabla ya mtaro ama baada. Tulimcheka sana, na mzee wetu wa LC, yaani baraza la mtaa, alikuwa na uhakika ametumwa kupima nyumba za kubomoa lol. Baadaye tukamzoea, akawa anakula kikomando, chapati na maharage, hapa hapa na vijana wangu, na kwa kweli ni yeye alinifahamisha kwamba hapa palikuwa kinamasi cha Lubigi, na kwamba maji yetu mengi hayatoki juu ya vichwa vyetu, yanashuka kutoka vilima vya Mulago na Makerere, kwenye mabati na makompaundi yaliyomwagwa saruji ambapo tone haliwezi kuingia ardhini, yote yanakimbilia mtaro wa Nsooba na mtaro umejaa chupa na kaveera, mifuko ya plastiki.

Sasa leo yuko Wandegeya kwenye kibanda cha kutuma pesa. Sidharau hiyo kazi, inalisha watu. Ila alipomaliza masta hakuna aliyemuuliza unaendelea na nini. Ofisi moja ilimwita kwenye mkutano aeleze ramani zake, wakazipiga picha, wakampa soda, hata nauli ya boda hakupata. Halafu mwaka uliofuata wakaja makonsalta na gari kubwa, walikaa siku moja, wakatuuliza mafuriko yanafika wapi. Tukawaonyesha rangi ya kucha! Wakapiga picha wakaenda.

Hilo ndo linaniuma Mhariri. Pesa za risachi zipo, ila zinaruka juu ya kichwa cha huyu anayeanza. Akipata bahati anaitwa msaidizi, anatembea juani na maswali ya profesa wa nje, ripoti ikitoka jina lake halipo. Na kibali cha kamati ya maadili anakifuata kwa pesa yake mwenyewe kabla hajamhoji hata mtu mmoja. Aliniambia kuna Urban Studies Foundation huko Glasgow, wanawalipia watafiti chipukizi wa miji kutoka nchi kama zetu wakae chuoni miezi kadhaa waandike tu. Jambo zuri sana, lakini hiyo ni ya mwenye PhD tayari, na yeye alikwama kwenye ngazi ya chini yake.

Kampala sensa ya 2024 ilihesabu karibu watu milioni 1.8, bado hujaweka wanaoamka wilaya jirani ya Wakiso kuja kutafuta mjini. Tangu Julai 2020 Gulu, Mbarara, Arua, Jinja na wengine nao wanaitwa majiji, sawa, nani anapima mitaro yao kabla hawajawa Bwaise? Kiteezi nayo, jalala la Kampala, tuliambiwa miaka kwamba imejaa, Agosti 2024 taka zikaporomoka zikaua watu zaidi ya 30.

Ninachoomba si kikubwa. Mradi wa mtaro ukija na mabilioni yake, watenge mshahara wa vijana wawili watatu waliosoma mambo ya miji, wakae mtaani miaka miwili, si siku moja, na majina yao yaandikwe. Maprofesa nanyi mnajua mnachofanya, acheni.

Juzi mvua ilipiga usiku, asubuhi nikakuta maji yamepita alama ya pili kutoka juu. Nimeomba rangi ya kucha kwa mke wangu nikaweka alama mwenyewe. Tarehe nimeandika, sasa sijui nimpelekee nani.

Fundi wa pikipiki,
Bwaise, Kampala