Ratiba ya mlo ianzie kabatini, isianzie sokoni

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaoandaa kurasa za jikoni waache kuchapisha ratiba ya mlo ya siku 7 iliyojazwa kila mraba, na chini yake orodha ya vitu 30 vya kununua. Ratiba ya namna hiyo inapendeza machoni, lakini imeandikiwa nyumba isiyo na chakula chochote, na nyumba hiyo haipo. Kila jiko lina mchele uliobaki mfukoni, karoti tatu zinazoanza kulegea, mayai matano na kipande cha nyama kilichosahauliwa nyuma ya friza. Anayefuata orodha ya gazeti hununua mchele juu ya mchele, na zile karoti huishia kwenye ndoo ya taka.

Hasara yake si ndogo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa madukani, migahawani na majumbani, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya jikoni huoza, tena kwa mwendo unaojulikana, na mwendo huo ndio unaopaswa kuamua nini kipikwe lini. Hamu ya kula samaki Ijumaa haitoshi ikiwa samaki alinunuliwa Jumatatu.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu vilivyopo, na haizidi dakika 15. Anza na friji, maana humo ndimo vitu huharibika mapema, kisha friza, mwisho kabati la vyakula vikavu. Andika kiasi, usiandike jina tu. "Mchele upo" haikusaidii kitu. "Mchele vikombe 4" inakwambia milo miwili ya watu wanne iko tayari. Pakiti za unga na sukari zishikwe mkononi, zisitazamwe kwa mbali, kwa sababu karatasi ngumu husimama wima hata ikibaki robo. Chochote kinachopaswa kuliwa ndani ya siku 2 kitiwe alama. Hivyo vyenye alama ndivyo vitakavyozaa milo ya mwanzo wa wiki, na cha kununua ni kile tu kinachokosekana ili vipikike.

Halafu hesabu sahani, si siku. Watu wanne wanaokula mara 3 kwa siku hufikisha sahani 84 kwa wiki. Ikiwa wawili kati yao hula mchana kazini au shuleni siku 5, sahani 10 zinatoka, zinabaki 74. Wengi hununua za 84. Kwa upande wa chakula cha jioni, panga milo 5 kati ya 7. Jioni moja iachwe kwa viporo, na nyingine iwe ya vyakula vikavu ambavyo haviharibiki hata visipoguswa wiki hiyo. Ratiba iliyojaa pomoni haina pa kupumulia: mgeni mmoja, au jioni moja ya kuchelewa kurudi, inatosha kusukuma milo yote iliyobaki mbele, na kinachosukumwa ndicho kinachooza.

Sasa mpangilio wenyewe. Samaki, kuku na nyama ya kusaga, vikiwa vibichi ndani ya friji, vipikwe ndani ya siku 1 hadi 2. Nyama ya vipande hukaa siku 3 hadi 5. Spinachi na mboga nyingine laini za majani ziende pamoja na kundi la mwanzo. Katikati ya wiki ni zamu ya biringanya, pilipili hoho na maharage mabichi. Kabichi, karoti, viazi, mayai na nafaka zisubiri mwisho, maana zinajua kusubiri. Mtu akitaka kubadilisha siku, abadilishe ndani ya kundi lile lile. Akivuta mlo wa kabichi kuuleta Jumatatu na kuusukuma wa samaki Alhamisi, ameharibu wiki nzima. Asiye na friji afuate mfuatano huo huo kwa hatua fupi: nyama na samaki vipikwe siku ile ile, na manunuzi ya vibichi yafanyike kila baada ya siku moja au mbili.

Mipaka hiyo ya siku inategemea friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, na friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Namba iliyo kwenye kitufe cha friji si nyuzi joto. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kilale humo usiku kucha, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwafunguliwa.

Kuhusu vipimo, kurasa nyingi huandika "mchele wa kutosha". Wa kutosha ni upi? Kikombe kimoja cha mililita 250 hubeba karibu gramu 200 za mchele na hutoa takriban vikombe 3 vya wali. Nusu kikombe cha mchele kwa mtu mzima ni sahani ya kawaida. Kilo 1 ya maharage makavu hutoa karibu kilo 2 na nusu yakishaiva. Nyama isiyo na mfupa hupoteza kama robo ya uzito wake motoni, kwa hiyo kilo 1 iliyonunuliwa ni kama gramu 750 mezani. Kuku mzima akishatolewa mifupa na kupungua motoni hubakiza nusu ya uzito wake au pungufu. Spinachi ndiyo inayowaponza wengi: nusu kilo inayojaza bakuli kubwa hunywea ikawa kikombe kimoja au kimoja na nusu. Pasipo hesabu hizi mtu hupika kidogo Jumatatu, kisha kwa hofu hupika kupita kiasi siku zinazofuata.

Mahali ambapo ratiba nzuri huvunjika, hata ya mtu makini, ni saa 12 jioni, mpishi anapofungua friza na kukuta nyama ni jiwe, au anapokumbuka kuwa maharage hayakulowekwa. Mlo ulipangwa, viungo vipo, lakini kazi ya jana yake haikuandikwa popote. Pande la nyama la kilo 1 lililoganda huhitaji karibu siku nzima ndani ya friji ili liyeyuke. Likiachwa mezani, nje yake hupata joto la kuzalisha bakteria wakati ndani bado ni barafu. Dawa ni kugawa nyama siku ile ile ya kununua, gramu 500 kwa kila mfuko, mfuko ukandamizwe uwe bapa kama daftari. Ukitolewa usiku na kuwekwa kwenye friji, kesho jioni uko tayari.

Maharage yanahitaji saa 8 hadi 12 majini. Maji ya kulowekea yamwagwe, maharage yabandikwe katika maji mapya, na yachemke kwa nguvu. Kwa maharage mekundu hili si suala la ladha. Yakiwa mabichi yana lektini, sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na inahitaji mchemko wa kweli wa dakika 10 au zaidi ili ivunjike. Chungu cha umeme kinachopika polepole bila kufikia mchemko hakiiondoi, hivyo yachemshwe kwanza kwenye sufuria ya kawaida. Kwa kuwa kazi yake ni ndefu, pika nusu kilo kwa mpigo, ya leo yatumike, yanayobaki yagandishwe kwa mafungu ya vikombe viwili viwili.

Viporo vina sheria yake, na wali ndio mkali kuliko vyote. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kuhimili mchemko. Wali ukiachwa kwenye sufuria jikoni, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Chakula kilichopikwa kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kuepuliwa, au ndani ya saa 1 pakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32. Kisiingie na sufuria yake: katikati ya sufuria iliyojaa hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Kitandazwe kwenye vyombo vipana, kina kisichozidi sentimita 5. Kiliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Kisichotarajiwa kuliwa katika muda huo kigandishwe siku ile ile, bila kusubiri siku ya nne.

Orodha ya kununua ndiyo huandikwa mwisho, baada ya yote hayo, na mara nyingi hutoka fupi. Kila kitu kiwe na kiasi na mlo wake: "nyanya 10, 6 za mchuzi, 4 za kachumbari". Mlo ukifutwa, na nyanya zake zinafutwa. Iandikwe kwa mpangilio wa kutembea: vizito na vikavu kwanza, kisha matunda na mboga, na mwisho nyama, samaki, maziwa na vilivyogandishwa, ili vikae nje ya baridi kwa muda mfupi. Ukilinganisha pakiti mbili, gawanya bei kwa uzito upate bei ya kilo. Pakiti kubwa si nafuu ikiwa theluthi yake itamwagwa: mafuta ya kupikia huchacha yakikaa wazi kwenye mwanga na joto, na unga unaweza kuwa umekuja na mayai ya fukusi tangu kiwandani au dukani. Unga ukikaa kwenye friza siku 4 mayai hayo hufa. Baada ya hapo uhamie kwenye chombo kinachobana.

Kwenye tarehe za pakiti, tofautisha maneno mawili. "Tumia kabla ya" ni onyo la usalama na lisivukwe. "Bora kabla ya" linahusu ubora. Tambi kavu zilizopita tarehe hiyo kwa wiki mbili bado ni chakula.

Ukifika nyumbani, viazi vikae gizani penye hewa, mbali na vitunguu, maana vikikaa pamoja vyote huharibika mapema. Viazi vinavyopata mwanga hugeuka kijani na kujenga solanini, ambayo ni sumu. Ndizi na nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na mboga za majani zilizo jirani hugeuka njano upesi. Majani yasioshwe mpaka siku ya kupika, au yakioshwa yakaushwe kabisa na kufungwa kwenye kitambaa kikavu. Yakilala na maji huwa utelezi ndani ya siku mbili. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa, isije ikadondoshea vyakula vingine. Maziwa yasiwekwe mlangoni, sehemu yenye joto zaidi ndani ya friji.

Ombi langu kwenu ni hili. Kurasa za jikoni zichapishe milo kwa makundi ya "mapema", "katikati" na "inayosubiri", msomaji mwenyewe aiweke kwenye siku zake. Kila pishi liandikwe kwa gramu au vikombe na idadi ya watu. Na pawepo jedwali tupu la kukata na kubandika kwenye mlango wa friji, lenye safu moja ambayo sijawahi kuiona kwenye ratiba yoyote iliyochapishwa: "usiku wa kuamkia". Kwenye mstari wa Alhamisi, kwa mfano, patasomeka: maharage na wali, watu 4, usiku wa kuamkia, loweka nusu kilo ya maharage, osha sufuria kubwa.

Wako,
Mwalimu wa sayansikimu